Waliorudi na Jibu: Rekodi za Marubani wa Majaribio, Zikisomwa kutoka Karavia

Kapteni Eric Brown alifariki tarehe 21 Februari 2016 akiwa na miaka 97. Chuck Yeager alimfuata tarehe 7 Desemba 2020, naye akiwa na miaka 97. Kwa watu waliokula mshahara kwa kupandisha angani ndege ambazo hakuna aliyejua zitafanya nini, umri huo peke yake ni rekodi. Wenzao wengi hawakufika hata 40.

Magazeti ya dunia yaliwaaga kwa namba: aina ngapi, kasi gani, mara ya kwanza kwa nani. Namba hizo ni za kweli na zinasisimua, nasi tutazipanga hapa moja baada ya nyingine. Lakini kazi ya rubani wa majaribio si kuvunja rekodi. Kazi yake ni kupanda, kuiuliza ndege swali moja, kurudi hai na kuandika jibu, ili mwingine asije akaliuliza swali lilelile akiwa na abiria nyuma yake.

Jibu hilo linatufikia mpaka hapa Lubumbashi. Mgeni anayelala katika hoteli ya Karavia, kando ya ziwa na uwanja wa gofu, akija kwa ndege hutua Luano, upande mwingine wa mji. Luano iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, hewa ya huko huwa ya moto na nyepesi: bawa linakosa cha kushikilia, injini inavuta hewa pungufu, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Rubani wako hakisii. Anafungua jedwali, anasoma joto, mwinuko na uzito, kisha anapata umbali anaouhitaji. Jedwali hilo lisingekuwepo bila mtu aliyepanda ndege ya aina hiyo kabla ya watu wote. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiona vyapaa, vimejaribiwa.

Aina nyingi zaidi za ndege: 487

Rekodi ya Brown, rubani wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ni aina 487 za ndege alizoendesha yeye mwenyewe. Hesabu yake ni ya mkono mkali, maana inahesabu aina za msingi tu. Spitfire na dada yake wa baharini, Seafire, aliziendesha katika matoleo 14, na yote 14 yameandikwa kama aina moja.

Alijua Kijerumani tangu ujana. Kwa hiyo Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, yeye ndiye aliyetumwa kukusanya na kujaribu ndege za adui. Mwezi Juni mwaka huo alipaa na Me 163, ndege ya roketi ambayo mafuta yake yangeweza kumuunguza rubani mpaka nyama ikatoka. Lugha hiyohiyo ilimfikisha pia Bergen-Belsen, kambi ya mateso, kuwahoji waliokuwa wakiiendesha. Aliyoyaona humo hakuyasahau hadi uzeeni.

Je, rekodi hii itavunjwa? Hakuna dalili. Miaka ya vita, viwanda vya Uingereza, Marekani na Ujerumani vilikuwa vikitoa ndege mpya mfululizo. Leo ndege moja ya abiria inachukua miaka mingi kubuniwa, na sehemu kubwa ya maswali yake hujibiwa na kompyuta kabla gurudumu halijaacha ardhi. Rubani wa siku hizi hata akiishi miaka 97, ndege mpya za kutosha hazipo.

Kutua melini mara nyingi zaidi: 2,407

Meli ya kubebea ndege ni kiwanja kinachotembea, kinachopanda na kushuka na mawimbi. Ndege inaning'iniza ndoano mkiani, na ndoano hiyo lazima inase waya uliotandazwa sitahani. Ikikosa, mbele ni bahari au ndege za wenzako. Brown alifanya hivyo mara 2,407, idadi ambayo hakuna aliyeifikia.

Ndani ya idadi hiyo zimo safari mbili za kihistoria. Machi 1944 alitua na Mosquito kwenye HMS Indefatigable. Ilikuwa ndege yenye injini mbili, nzito kupita zote zilizokuwa zimewahi kutua kwenye meli ya Uingereza. Tarehe 3 Desemba 1945 alitua na Sea Vampire kwenye HMS Ocean, akawa mtu wa kwanza duniani kutua melini kwa ndege iliyojengwa kuwa jeti. Kila jeti inayotua leo kwenye meli ya kivita imefuata njia aliyoifungua siku ile.

Bahari nayo iliwahi kumdai. Meli yake ya kwanza, HMS Audacity, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani tarehe 21 Desemba 1941. Wengi waliokuwa naye majini usiku ule hawakuokolewa.

Mwalimu aliyesema machache zaidi

Mwaka 1945 Brown na mwenzake walitumwa kuchukua helikopta mbili za Sikorsky zilizotoka Marekani. Hawakuwa wamewahi kuendesha helikopta. Walipomuuliza fundi wa Kimarekani mwalimu wao yuko wapi, aliwakabidhi kitabu chenye jalada la rangi ya chungwa. Mwalimu alikuwa ni hicho kitabu. Wakakisoma, wakajaribu kuinuka kidogo, wakayumba huku na huku juu ya uwanja, kisha wakaondoka nazo.

Kisa hiki huchekesha, lakini kinaonyesha jinsi Brown alivyokuwa akifanya kazi. Kabla ya ndege yoyote alisoma kila kilichoandikwa juu yake, akajipangia atafanya nini kila kitu kikiharibika. Watu waliona bahati. Yeye alikuwa amekwisha kujiandaa.

Ufupi uliokuwa na faida kubwa zaidi

Wenzake walimwita Winkle, kwa jina la konokono mdogo wa baharini, kwa sababu ya umbo lake dogo. Umbo hilo ndilo lililomwokoa.

Kampuni ya de Havilland ilijenga ndege tatu za DH.108, jeti zisizo na mkia wa kawaida, zenye mabawa yaliyoelekea nyuma. Tarehe 27 Septemba 1946 Geoffrey de Havilland kijana, mtoto wa mwenye kampuni, alikufa mojawapo ilipopasuka angani. Mwaka 1949 Brown alipewa jukumu la kutafuta sababu. Alifanya lile ambalo mtu mwingine angelikimbia: aliendesha ndege ya aina ileile kuelekea kasi ileile. Ikaanza kutikisika juu chini, mara kadhaa katika sekunde moja, kwa nguvu iliyomzuia kuona vizuri. Alivuta usukani na kupunguza nguvu ya injini kwa pamoja kama alivyokuwa amepanga akiwa chini, na mtikisiko ukakoma. Aliamini kwamba de Havilland, aliyekuwa mrefu kuliko yeye, alivunjika shingo kwa kugonga kifuniko cha juu.

Ndege zote tatu za DH.108 hatimaye zilianguka, na kila moja iliua rubani wake. Brown ni miongoni mwa wachache walioijua vizuri wakazeeka.

Wa kwanza kuipita sauti

Tarehe 14 Oktoba 1947, juu ya jangwa la California, Chuck Yeager alidondoshwa kutoka tumboni mwa ndege kubwa ya B-29 akiwa ndani ya Bell X-1, akawasha roketi na kufikia mara 1.06 ya kasi ya sauti, kwenye mwinuko wa kilomita 13 hivi. Siku mbili kabla yake alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi na kuvunjika mbavu mbili. Hakutaka kuwaambia wakubwa. Tatizo likawa mlango wa X-1, ambao hakuweza kuuvuta kwa mkono wa upande ule ulioumia. Rafiki yake, mhandisi Jack Ridley, alikata kipande cha mpini wa ufagio, na Yeager akakitumia kama wenzo wa kuufunga. Ndege ya majaribio ya gharama kubwa iliruka kwa msaada wa mpini wa ufagio.

Wanawake waliotangulia

Jacqueline Cochran wa Marekani alikuwa mwanamke wa kwanza kuipita kasi ya sauti, tarehe 18 Mei 1953, kwa ndege aina ya Sabre iliyojengwa Kanada. Yeager alikuwa akimfuata angani katika ndege nyingine, akimpa ushauri kwa redio.

Hanna Reitsch wa Ujerumani ni habari nzito zaidi. Mwaka 1938 aliendesha helikopta ndani ya ukumbi uliofungwa mjini Berlin, mbele ya watazamaji. Alijaribu ndege za hatari, na aliumia vibaya mwaka 1942. Vilevile alimtumikia Hitler mpaka siku za mwisho, na Aprili 1945 aliruka kuingia Berlin iliyokuwa ikiteketea. Kisha historia ikamleta Afrika: kuanzia 1962 hadi 1966 aliendesha shule ya ndege zisizo na injini nchini Ghana, chini ya Rais Kwame Nkrumah. Alifariki 1979. Ustadi wake haufuti alichokitumikia, na alichokitumikia hakifuti ustadi wake. Yote mawili yanabaki kwenye jina moja.

Kasi kubwa zaidi, na juu zaidi

Rekodi ya kasi ya ndege yenye rubani na injini inashikiliwa na William Knight: kilomita 7,274 kwa saa, tarehe 3 Oktoba 1967, kwa ndege ya roketi X-15. Kwa mwendo huo Lubumbashi hadi Kinshasa ni kama dakika 13. Aliporudi, joto lilikuwa limetoboa sehemu za ndege, na ndege ile haikuruka tena.

Joe Walker, kwa X-15 pia, alifika kilomita 108 kwenda juu tarehe 22 Agosti 1963. Isimamishe wima njia ya Lubumbashi hadi Likasi, ndipo utapata picha. Miaka mitatu baadaye, tarehe 8 Juni 1966, Walker alikufa ndege yake ilipogongana na nyingine katika msafara wa kupiga picha.

Kwa jeti inayopaa yenyewe kutoka ardhini, mwenye rekodi ni Mrusi Alexander Fedotov: mita 37,650, tarehe 31 Agosti 1977, kwa MiG-25 iliyofanyiwa mabadiliko. Alikufa tarehe 4 Aprili 1984 akijaribu MiG-31. Ukizipanga habari za Walker na Fedotov pamoja utaona: roketi na vimo vya kutisha viliwaacha hai, safari zilizoonekana za kawaida zikawachukua.

Ndege moja iliyotisha nchi nzima

Anga ya Katanga nayo ina ukurasa wake. Septemba 1961, wakati wa mapigano kati ya Katanga iliyojitenga na majeshi ya Umoja wa Mataifa, ndege moja ndogo ya mafunzo, Fouga Magister ya Kifaransa, ikiendeshwa na Mbelgiji José Magain kutoka Kolwezi, ilitawala anga yote. Iliwashambulia wanajeshi Waayalandi wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na ikaharibu ndege za usafiri za Umoja wa Mataifa zikiwa chini. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld aliposafiri usiku wa tarehe 17 Septemba, ndege yake ilizunguka mbali upande wa mashariki kuikwepa Katanga. Ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Umoja wa Mataifa ulijibu kwa kuleta jeti za kivita za nchi tatu, na hapo ndipo marubani wa majaribio wanapoingia katika historia ya mkoa huu. Sabre za Ethiopia zilitokana na ndege ambayo George Welch aliirusha kwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1947. Wapo wanaodai hadi leo kwamba yeye ndiye aliyeipita sauti kabla ya Yeager. Welch alikufa Oktoba 1954 akijaribu jeti iliyofuata. Canberra za India, zilizoupiga uwanja wa Kolwezi Desemba 1961, zilirushwa mara ya kwanza na Mwingereza Roland Beamont tarehe 13 Mei 1949. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 13, siku ambayo Wazungu wengi huiona ya nuksi. Mwaka 1952 Beamont huyohuyo alivuka Atlantiki kwa Canberra kwenda na kurudi siku moja, kwa saa 10 na dakika 3. Alifariki 2001 akiwa na miaka 81. Tunnan za Uswidi, nene kama pipa na ndivyo Waswidi walivyoziita, zilirushwa kwanza na Mwingereza Robert Moore mwezi Septemba 1948. Mwisho wa 1962 ndizo zilizoivunja nguvu ya anga ya Katanga pale Kolwezi.

Wazee waliokimbilia chini ya miti waliposikia jeti hawakuwa na sababu ya kuyajua majina hayo. Jibu la rubani wa majaribio halichagui litamfikia nani: msafiri, mwanajeshi, au mama mwenye mtoto mgongoni.

Jeti ya kwanza ya abiria, na somo ghali kuliko yote

John Cunningham, rubani mkuu wa majaribio wa de Havilland, aliirusha Comet, jeti ya kwanza ya abiria duniani, tarehe 27 Julai 1949. Siku hiyo alitimiza miaka 32. Mwezi Aprili 1950 aliileta Afrika kwa sababu hiihii ya joto na mwinuko: Khartoum kwa ajili ya joto, na Eastleigh mjini Nairobi kwa ajili ya hewa nyepesi ya nyanda za juu. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ikaanza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti, London hadi Johannesburg, ikitua njiani Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ukanda wetu ulianza kuhudumiwa na jeti ya abiria kabla ya New York.

Ndege iliyofanya safari ile ndiyo iliyopasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, ikaua watu 35. Tarehe 8 Aprili nyingine ilianguka karibu na Napoli. Cunningham alikuwa ameijaribu kwa kila namna ambayo rubani anaweza. Ila kasoro hii haikuwa ya kuonekana katika safari moja au mia moja. Kila ndege ilipopanda, hewa ya ndani iliusukuma mwili wake kwa nje, ilipotua, ukalegea, na bati likachoka kidogo kidogo. Wahandisi wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, waliuzamisha mwili wa Comet kwenye tangi la maji wakaujaza na kuupunguza presha mchana na usiku. Baada ya kufikisha sawa na safari 3,057, ulipasuka kwenye pembe ya dirisha.

Ndiyo maana leo mwili wa ndege hujaribiwa ndani ya karakana kwa safari nyingi kuliko utakazofanya maishani. Cunningham aliishi hadi Julai 2002, na alibaki na Comet mpaka matoleo yake ya mwisho yaliyokuwa salama.

Rekodi tusiyoitaka

Congo inashikilia rekodi moja ya dunia katika urukaji, na hakuna anayejivunia. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov An-32, iliyopakiwa kupita kiasi, ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa Ndolo mjini Kinshasa, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika soko la Simba Zikita. Walikufa watu zaidi ya 200, karibu wote wakiwa wanauza au kununua. Hakuna ajali nyingine ya ndege iliyoua watu wengi hivyo chini.

An-32 haikuwa ndege mbovu kwa asili. Ilibuniwa makusudi kwa viwanja vya joto na vya juu, na marubani wa majaribio walikuwa wamekwisha kuiuliza swali na kuandika uzito wake wa mwisho. Jibu lilikuwepo. Lilipuuzwa na mtu aliyetaka kupakia mzigo zaidi.

Kwa hiyo namba iliyo na thamani kubwa kwa msafiri wa Lubumbashi si 487 wala 7,274. Ni ile ya uzito iliyo kwenye jedwali la rubani, iliyolipiwa na akina de Havilland, Welch na Fedotov. Mpakiaji anayeongeza mifuko kumi kwa chai, mfanyabiashara anayempa hiyo chai, na msimamizi anayegeuza macho pembeni wanafanya jaribio jipya, bila parachuti na bila ruhusa ya walio ndani. Anayetaka kumuenzi Eric Brown hahitaji kupanda jeti. Akiambiwa kwenye mzani kwamba mzigo umezidi, aupunguze, na akiona ndege inapakiwa kupita kiasi, apaze sauti kabla injini haijawashwa.